Kuchora ramani ya mtaa baada ya mafuriko ili iwafae wakazi kwa miaka mingi

Baada ya tetemeko la ardhi lililoikumba Haiti mwezi Januari 2010, mamia ya watu waliojitolea walichora barabara na majengo ya Port-au-Prince kutoka kwenye picha za setilaiti, wakaiweka michoro hiyo katika OpenStreetMap, ramani ya dunia ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuihariri, na waokoaji wakaitumia. Kazi ya namna hiyo huokoa maisha, ila ramani iliyochorwa kwa mbali haionyeshi kwa nini maji huingia nyumba hii na kuiacha ile. Jijini Dar es Salaam, lililopata mafuriko makubwa Desemba 2011, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwatuma wanafunzi wa vyuo vikuu kutembea mitaani pamoja na wakazi wenyewe, na huo ndio utaratibu ninaoupendekeza hapa.

Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa mashina, yaani vikundi vidogo vya nyumba ndani ya mtaa. Mjumbe anajua shina lake linaanzia na kuishia wapi, na mipaka hiyo ikishachorwa itasaidia kugawa misaada, kutoa chanjo na kupanga ukusanyaji wa taka. Majengo yachoreni mapema kutoka kwenye picha za setilaiti, ili siku za kutembea zibaki kwa yale yasiyoonekana kutoka angani.

Siku nyingi zaidi zitumieni kwenye mitaro. Ufuateni kila mtaro kuanzia unapomwaga maji mtoni hadi unapoanzia, mkiandika upana, kina, upande maji yanakoelekea, kama umejengwa kwa saruji au ni udongo mtupu, na mahali ulipoziba. Makalavati, yaani njia za maji zinazopita chini ya barabara, pimeni moja moja, kwa sababu kalavati jembamba kuliko mtaro unaoliingia hurudisha maji majumbani, na mhandisi hawezi kukadiria mafuriko yajayo bila vipimo hivyo.

Kisha waulizeni wakazi wa siku nyingi maji yalifika wapi: kifundoni, magotini, kiunoni au kifuani, na mwaka gani. Alama iliyobaki ukutani ipimeni kwa sentimita. Kumbukumbu hizi zihifadhiwe katika faili la pekee lililo wazi kwa wote, kwa kuwa OpenStreetMap hupokea vitu vilivyopo ardhini, si matukio yaliyopita. Majina na namba za simu za wenye nyumba msiyaandike kabisa.

Ramani ikikamilika, ichapisheni kwa ukubwa, yenye tarehe ya upimaji, na kuitundika katika ofisi ya serikali ya mtaa. Kwa maoni yangu hatua hii, ambayo hurukwa mara nyingi, ndiyo inayowapa wakazi ushahidi wa kudai mtaro kwa diwani wao. Wafundisheni vijana watatu au wanne wanaoishi hapo hapo kutumia simu kusahihisha ramani, wakubaliane na mwenyekiti kuipitia mitaro kabla ya masika na kabla ya vuli, na kila badiliko waliandikie tarehe mpya.