Kusimama Imara Bila Kumtafuta Mchawi: Mwongozo kwa Mkristo Aliye Vitani

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, mtu akikaa miezi sita bila kazi, au mimba ikitoka mara ya pili, au akiota kila usiku kwamba anafukuzwa na mbwa, hachelewi kuambiwa kwamba kuna mkono wa mtu. Atakayemwambia anaweza kuwa jirani, shangazi au mtumishi wa Mungu katika chumba cha maombi, na mara nyingi jina la anayedaiwa kumroga hutajwa kabla ya sala kwisha. Nawaandikia ndugu walio katika hali hiyo kwa sababu ninaamini kwamba adui yupo kweli, na kwamba hushinda bila jasho pale tunapokubali kumpiga binadamu badala yake.

Anza kwa kusoma Waefeso 6, kuanzia mstari wa 10 hadi wa 20, polepole na kwa sauti. Wengi wetu tunarukia silaha, tukaupita mstari wa 12, ambao unasema kwamba kushindana kwetu si juu ya damu na nyama. Paulo aliuweka mbele ya silaha, nami naona kwamba asiyeukubali hafai kukabidhiwa upanga. Mama mkwe ni damu na nyama, na mke mwenzio vilevile, na hata yule mfanyakazi mwenzako aliyepewa nafasi uliyoitamani. Angalia pia kwamba mstari wa 13 unamalizika kwa neno «kusimama» na wa 14 unaanza kwa «Basi simameni»: askari huyu haambiwi atoke usiku kuwinda, anaambiwa asiondoke mahali alipowekwa.

Baada ya hapo, chukua karatasi uandike yale yanayokusumbua, moja moja, pamoja na tarehe yalipoanza. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote, kwa sababu hofu isiyoandikwa hukua. Homa ipelekwe kwenye kituo cha afya ikapimwe malaria. Deni lihesabiwe, na anayedai aonwe uso kwa uso. Ugomvi ufuate Mathayo 18:15, yaani umwendee ndugu yako mkiwa wawili tu kabla habari haijafika kwa mtu wa tatu. Paulo, aliyeombea wagonjwa wakapona, alimwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, kwa hiyo kumeza dawa si kukosa imani. Na mwenye kisukari, au anayemeza dawa za kila siku, asifunge kwa amri ya mtu yeyote asiyekuwa daktari wake. Yapo pia mabaya yanayoupata mji mzima. Volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021, moto haukuchagua nyumba za wenye dhambi, na Yesu alikwisha kulijibu swali hilo katika Luka 13, alipotaja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu akasema kwamba hawakuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Yatakayobaki kwenye karatasi baada ya uchunguzi huo, yapeleke katika maombi bila aibu.

Silaha ya kwanza kutajwa ni kweli, iliyofungwa viunoni, na hapa ndipo wengi tunapoanguka huku tukikemea mapepo kwa sauti kubwa. Mwaka 2007, kijana wa mji wetu, Floribert Bwana Chui, aliyekuwa akikagua bidhaa zinazoingia mpakani, alikataa rushwa iliyokusudiwa kupitisha chakula kilichoharibika. Alitekwa na kuuawa mwezi wa Julai, akiwa na miaka 26. Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, katika basilika ya Mtakatifu Paulo, yule yule aliyeandika habari za silaha hizi. Mimi si Mkatoliki, lakini kila ninapoulizwa vita vya kiroho vikoje, ninamtaja yeye. Basi jiulize, kabla ya mkesha wowote, kama kuna karatasi ya uongo uliyotia saini, au mshahara wa mtumishi wa nyumbani uliouzuia, kisha ukarekebishe.

Kuhusu neno la Mungu, mwangalie Yesu jangwani. Alijibu mara tatu, na mara zote kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati; Shetani naye alitaja Zaburi ya 91, jambo linaloonyesha kwamba aya iliyobandikwa mlangoni kama hirizi haimtishi. Chagua hofu moja, uitafutie mstari mmoja unaoihusu, uelewe umesemwa katika habari gani, kisha uukariri katika lugha unayoiotea, iwe Kiswahili, Kinande, Kihavu au Mashi.

Usisimame peke yako. Ngao ya askari wa Kirumi ilikuwa kubwa, na nguvu yake ilikuwa katika kuunganishwa na ngao ya jirani. Tafuta watu wawili wanaoweza kutunza siri, wasiofurahia habari za wachawi, mkutane siku moja maalumu kila juma.

Mahali pa maombi pia papimwe, maana Yohana alituagiza kuzijaribu roho. Ondoka panapodaiwa fedha kabla ya kufunguliwa, panapokatazwa hospitali, au panapotajwa jina la mtu wa nyumbani mwako kuwa ndiye chanzo. Na anayetajwa akiwa mtoto, usingoje ibada imalizike: mchukue mtoto uende naye. Sheria ya nchi yetu ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi, lakini hata kama sheria hiyo isingekuwepo, mtoto aliyenyimwa chakula ili «pepo atoke» ni mtoto anayeteswa.

Linabaki suala la usiku, hasa tangu vita ilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, kwa maana wengi hawajarudi kulala vizuri. Ukishtuka saa tisa ya usiku, keti, washa taa kama ipo, sema mstari wako kwa sauti ya kawaida, kisha omba kama Paulo alivyotaka aombewe: alikuwa katika minyororo, na katika mstari wa 19 hakuomba ikatike, aliomba ujasiri wa kusema. Jina la yule unayemshuku likikujia, usilifukuze wala usililaani. Litaje mbele za Mungu, umwombee afya, chakula na usingizi, hata kama moyo unakataa. Asubuhi, nenda ukamsalimu.