Somo: Usimtie konokono chupani akiwa amejifungia

Mwaka wangu wa kwanza nilitumbukiza tondo 40 (konokono wa baharini) wazima wazima kwenye ethanoli, yaani alkoholi ya kuhifadhia, ili baadaye tusome DNA yao, nikaridhika. Wiki tatu baadaye nikavunja gamba la kwanza: nyuma ya kile kifuniko anachofungia mlango, nyama ilikuwa nyeusi, inanuka, inateleza kama uji. Ethanoli haikuwahi kumfikia. Kwa hiyo somo hili lote ni kuhusu kuifikisha ethanoli kwenye nyama mapema.

Hatua ya 1: picha. Mpige akiwa hai ndani ya maji ya bahari, rula kando. Kwa koa wasio na gamba hili halina mjadala, maana rangi zao hupotea kwenye ethanoli na unabaki na kinyama cheupe.

Hatua ya 2: mlegeze. Yeyusha gramu 73 za kloridi ya magnesi (ya chembechembe, yenye maji yake) katika lita 1 ya maji yasiyo ya chumvi, kisha changanya nusu kwa nusu na maji ya bahari. Mwache humo hadi ukimgusa mguu kwa koleo hajikunyati. Usiharakishe hapa.

Hatua ya 3: kata kipande cha mguu, kama punje ya mchele. Futa ute, kwani unakwamisha PCR, ile njia ya maabara ya kunakili DNA iwe nyingi. Tumbo usiliguse, lina DNA ya alichokula. Aliyegoma kutoka, lipasue gamba taratibu kwa jiliwa, na vipande uvitunze. Wembe usafishwe kwa jiki na kusuuzwa kabla ya konokono mwingine.

Hatua ya 4: ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, mara kumi ya ujazo wa nyama. Ibadilishe baada ya saa 24, kwa sababu maji ya mwilini yanaizimua. Kisha friza, nyuzi 20 chini ya sifuri.

Hatua ya 5: lebo ya penseli, ndani ya chupa. Wino unafutika. Namba iwe ileile kwenye picha, gamba na nyama.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, huku nina fomalini tu. Inafaa?*
Hapana, ndugu yangu. Fomalini huifunga na kuikatakata DNA. Bora uwalete hai kwenye ndoo ya maji ya bahari, kivulini.

*Tunasoma jeni gani?*
Anza na COI, jeni inayotumika sana kutambua spishi za wanyama. Vianzishi (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR) vya mtafiti Folmer na wenzake vya mwaka 1994 vinatoa kipande cha herufi za DNA kama 658. Vikigoma, na kwa koa hugoma mara nyingi, jaribu jeni nyingine, 16S.

*Shikamoo mwalimu. Tumeokota wenye umbo la koni, tunawashikaje?*
Marahaba. Msiwashike kwa mkono, wala msiwatie mfukoni! Wana mwiba wa sumu unaofika hata upande wa nyuma wa gamba, na baadhi yao wameshaua watu. Tumieni koleo refu na chombo kigumu chenye kifuniko.