Jinsi ya kumsaidia mwanamichezo chipukizi kukabiliana na shinikizo la mashindano

Mtoto anayelalamika tumbo kila asubuhi ya mechi, ilhali siku za mazoezi huamka mzima, huenda haugui wala hakuzidiwa na uvivu. Mara nyingi ana hofu, na anachokiogopa zaidi ya kufungwa ni namna watu wazima watakavyompokea akishafungwa. Kwa hiyo mzazi au kocha anayetaka kumsaidia hana budi kuanza na kauli zake mwenyewe.

Saa ya kwanza baada ya mchezo ndiyo inayoharibu mengi. Mtoto aliyekosa penalti ya mwisho anajua amekosa. Akianza kuchambuliwa njiani kurudi nyumbani, atajifunza kuiogopa safari hiyo kuliko kipa. Mwambie kwamba ulifurahi kumwona akicheza, kisha nyamaza, hata kama ukimya utakuwa mzito. Uchambuzi usubiri hadi kesho yake, na uanze kwa kumuuliza, "Wewe mwenyewe uliionaje mechi?" Akishasema lililomuuma, chagua jambo moja tu la kufanyia kazi.

Kabla ya mchezo, usimwambie asiogope, kwa sababu hofu haifukuzwi kwa amri. Mweleze kwamba moyo kwenda mbio na viganja kutoa jasho ni dalili za mwili unaojiandaa kwa kazi, kisha mfundishe kuutuliza: avute pumzi kwa pua akihesabu hadi 4, aitoe taratibu kwa mdomo akihesabu hadi 6, na arudie mara kadhaa. Zoezi hili lifanyike kwanza siku za kawaida, akiwa ametulia, kwani mbinu inayojaribiwa kwa mara ya kwanza mbele ya mashabiki haimfai mtu. Mpiga penalti anaweza kuliingiza katika mpangilio wake wa kila siku: anauweka mpira, anarudi hatua zilezile, anapumua mara moja, anachagua pembe, anapiga bila kubadili mawazo.

Lengo analopewa nalo liwe ndani ya uwezo wake. Ushindi unategemea wapinzani, mwamuzi na hata hali ya hewa, lakini kukimbia kurudi kukaba kila anaponyang'anywa mpira kunamtegemea yeye peke yake. Akikosea, awe na neno fupi la kujirudisha mchezoni, kama vile "unaofuata", alichague mwenyewe. (Mzazi anayepaza maelekezo kutoka pembeni hulifuta neno hilo papo hapo, hasa maelekezo yake yakipingana na ya kocha.)

Uchovu nao hujificha nyuma ya kinachoitwa utovu wa nidhamu. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na kila wiki apate walau siku moja isiyo na mazoezi wala mashindano.

Kwa kocha anayeamini kwamba kupumzika ni udhaifu, upo mfano wa Simone Biles, mwanajimnastiki wa Marekani. Katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 alijitoa katikati ya fainali ya timu kwa sababu akili na mwili wake havikuwa vikienda pamoja angani, jambo ambalo katika jimnastiki lingeweza kumvunja shingo. Mwaka 2024 mjini Paris alitwaa medali 3 za dhahabu.

Hata hivyo, zipo dalili zisizotulizwa kwa mbinu za uwanjani. Mtoto akipoteza hamu ya mchezo alioupenda, akajitenga na wenzake, akala au kulala vibaya kwa takriban wiki mbili, apelekwe kwa daktari au mshauri nasaha; akizungumzia kujidhuru, asiachwe peke yake, na msaada utafutwe siku hiyohiyo. Kocha asijaribu kumtibu. Amtunzie nafasi yake kikosini, na amwambie waziwazi kwamba ameitunza.