Unataka kazi ya udaktari bingwa katika mji fulani Marekani? Usisubiri tangazo

Kama unamaliza mafunzo ya ubingwa Marekani Juni mwakani na mji unaoutaka ni mmoja tu, anza sasa. Fungua ramani, orodhesha hospitali na kliniki zote zilizo ndani ya mwendo wa saa moja, kisha mwandikie moja kwa moja mkuu wa idara ya fani yako na ofisa anayeajiri madaktari hapo. Mistari mitano inatosha: fani, mwezi wa kumaliza, aina ya viza, na kinachokuvuta huko (ndugu, kazi ya mwenza). Hilo la mwisho usiliruke; wanaogopa daktari atakayehama baada ya mwaka. Wakala wa ajira hulipwa na hospitali akikupeleka, kwa hiyo ukijileta mwenyewe unawaokolea pesa, na nafasi nyingine hata hazijatangazwa. Wiki mbili kimya? Piga simu. Mbinu hii hukwama zaidi kwa wenye viza ya J-1 (ya mafunzo, ambayo kwa kawaida hudai urudi kwenu miaka miwili kwanza) wanaotaka kubaki: Conrad 30, mpango wa kuwasamehe madaktari sharti hilo, hutoa nafasi 30 tu kwa kila jimbo kwa mwaka, unaoanza 1 Oktoba, na kwa kawaida utahudumia eneo lenye upungufu wa madaktari kwa miaka 3. Ukiwa na J-1, iulize hospitali kwenye barua ya kwanza kabisa kama inakubalika kwa mpango huo.