Somo: Kuvaa vizibo vya sponji kabla ya kulenga shabaha

Wenye leseni ya silaha hapa Nakuru wengi wananunua vizibo vizuri, kisha wanaviacha vikining'inia mlangoni mwa sikio. Kizibo kilichoingia nusu hakikingi. Mlio wa bastola au bunduki ndefu hupita desibeli 140, kiwango ambacho kanuni za Kenya za kelele kazini za 2005 haziruhusu kivukwe hata mara moja. Na vinyweleo vya sikio la ndani vinavyopokea sauti vikifa havioti tena.

1. Nawa mikono. Vidole vyenye mafuta ya bunduki huingiza uchafu sikioni.

2. Sokota kizibo polepole hadi kiwe chembamba kadiri kinavyoweza, bila mkunjo. Usikifinye kikawa bapa: kila mkunjo unabaki kuwa mfereji wa kupitishia kelele.

3. Kwa sikio la kulia, pitisha mkono wa kushoto juu ya kichwa, shika sikio kwa juu, ulivute juu na nyuma. Tundu la sikio lina kona, na kulivuta ndiko kunakoinyoosha. Wengi wanaruka hatua hii, kisha wanalaumu kizibo.

4. Kiingize haraka kabla hakijafura, ukishikilie kwa kidole sekunde 30. Ukiachilia mapema kinajisukuma nje.

5. Mwenzako akutazame usoni. Akiona sponji imechomoza, toa uanze upya. Kikikaa sawasawa, sauti yako mwenyewe itakuwa nzito, kana kwamba unaongea ndani ya pipa.

Juu yake vaa kikinga cha kufunika sikio lote. Usijumlishe namba za desibeli zinazopunguzwa, zilizoandikwa kwenye pakiti mbili. Cha pili huongeza takriban desibeli 5 tu, lakini kwa mlio wa bunduki hizo zinahitajika. Usivivue hadi kila mtu aache kufyatua, maana risasi ya jirani inaumiza sawa na yako. Chini ya paa la mabati ni vibaya zaidi, mlio unarudi.

MASWALI

Mwalimu, pamba haitoshi?
Haitoshi kabisa. Sauti inapita katikati ya nyuzi.

Nina miwani na hujifunga kitambaa kichwani. Nifanyeje?
Dada, kikinga kikae kwenye ngozi, kitambaa kipite nyuma ya masikio. Mkono mnene wa miwani huacha ufa, kwa hivyo tafuta fremu yenye mikono myembamba, na vizibo vya ndani usivikose.

Sikio la kushoto hulia "wiii" jioni, asubuhi limetulia. Si limepona?
Usilitegemee hilo, ndugu. Ukiegemeza bunduki bega la kulia, sikio la kushoto ndilo linaloelekea mtutu, nalo huumia kwanza. Zinazotangulia kupotea ni sauti nyembamba, karibu na hetzi 4000: unasikia mtu akiongea ila hujui amesema "saa" au "faa". Kapimwe usikivu kwenye kliniki ya masikio, pua na koo, ukiwa umekaa mbali na kelele tangu jana yake. Sikio likiziba ghafla baada ya mlio, nenda hospitali siku hiyohiyo.