Maji ya bafuni na ya vyombo: namna ya kuyasafisha hapo hapo kijijini

Jamani huku Dodoma mvua ikikata mwezi wa nne ndo mpaka Desemba, tunahangaika na madumu, alafu maji ya kuogea na kuoshea vyombo tunayamwaga njiani yanakuwa tope na mbu, inauma kwa kweli.

Cha kwanza usichanganye na ya choo, choo kina shimo lake. Haya yaingie kwanza kwenye pipa au kichemba cha tofali, na mdomo wa bomba la kutolea uwe umezama ndani ya maji, hivyo mafuta yanabaki juu, mabaki ya ugali yanazama, unayatoa kila wiki bila kukosa maana hapa ndo wengi wanazembea na mfumo mzima unaziba.

Baada ya hapo chimba mtaro wa kina cha sentimita 60 hivi wenye mteremko kidogo, tandika nailoni nzito, jaza kokoto zilizooshwa, panda matete. Kadiria mita ya mraba 1 hadi 2 kwa kila mtu. Maji yapite chini ya kokoto yasionekane juu, yakionekana tu mbu wanazaliana. Wanaokula uchafu hasa ni bakteria wanaojishika kwenye kokoto na mizizi, kwa hiyo Jiki usimwage humo.

Kaa angalau mita 30 kutoka kisimani, upande wa bondeni. Yanayotoka mwagilia migomba na mipapai, mchicha hapana, na kunywa hapana kabisa.