Mtoto mwenye usonji akilazwa: hatua ninazofuata wodini

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto. Nawaandikia wauguzi wenzangu, ingawa mzazi naye akisoma ana haki ya kutudai haya.

1. Muulize mama kabla hujamgusa mtoto. Akitaka maji anaonyeshaje? Akiumwa hufanya nini? Kipi humtibua, kipi humtuliza? Majibu yaandike ukurasa wa kwanza wa faili, kwa herufi kubwa. Wa zamu ya usiku hatakuwa na nafasi ya kukutafuta.

2. Kitanda. Mpe cha kona, mbali na mashine zinazolia na mbali na mlango. Wapo wanaotoka mbio bila kugeuka. Taa ya juu yake ikiwezekana kuzimwa, izime.

3. Branula, ule mrija mdogo wa plastiki unaoingizwa kwenye mshipa kwa sindano. Hapa usione haya kutumia muda, maana ikiharibika leo, kesho akisikia tu troli inakuja utamkosa. Kwanza mbane daktari aandike vipimo vyote, damu yote itolewe kwa mkupuo mmoja. Krimu ya ganzi ikiwepo, ipake saa moja kabla. Mpe branula iliyotolewa sindano aichezee, amwekee mama mkononi. Kisha akae mapajani kwa mama, kifua kwa kifua. Kumlaza chali na kumkandamiza watu wanne ndiko kunakozaa vita. Aongee mtu mmoja, maneno machache: "Kwanza sindano, kisha simu." Na simu apewe kweli. Usimwambie haiumi. Ukikosa mshipa mara mbili, mwite yule anayejulikana wodini kwa kupata mishipa. Ukimaliza, funika kwa bandeji asiione, ila ifungue kila zamu ukague kama mkono umevimba.

4. Dawa. Usiifiche dawa chungu kwenye uji anaoupenda. Akigundua, ataukataa na uji, na huenda ndicho chakula pekee anachokubali. Sirapu mpe kwa bomba lisilo na sindano, polepole, pembeni mwa shavu.

5. Maumivu. Akianza kujipiga kichwa au kususa chakula ghafla, usiandike "ni usonji" ukaondoka. Angalia masikio, meno, tumbo. Kufunga choo huwapata wengi wao. Wengine wakiumwa hunyamaza tu, kwa hiyo rudi ukurasa wa kwanza ulinganishe.

6. Raundi. Msururu wa makoti meupe ukizunguka kitanda, kazi yako ya asubuhi imeharibika. Mwombe daktari aingie na mtu mmoja, wanafunzi wasikilizie koridoni. Mwambie kabla raundi haijaanza. Mbele ya wanafunzi wake hatakubali.